Wanyama wa Uani: Somo Tunalolipita Kila Siku

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la tatu, katika shule moja ya uwanda wa juu wa Newala, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la wanyama. Kwa vipimo vyote tunavyovitumia chuoni, somo lile lilikuwa limeandaliwa vyema. Andalio lilikuwa safi, madhumuni yameandikwa, na ukutani ilitundikwa picha kubwa ya rangi yenye tembo, twiga na simba, ambayo mwanachuo aliichora mwenyewe kwa taabu ya usiku mzima. Watoto walitaja majina ya wanyama kwa pamoja, wakayarudia, wakayaandika. Kisha mwalimu akauliza swali lililokuwa zuri kuliko yote ya siku ile: "Nani kati yenu amewahi kumwona mnyama wa porini kwa macho yake?" Mtoto mmoja wa kiume, aliyeketi karibu na dirisha, akasimama, akasema, "Mwalimu, mimi nimemwona sange." Darasa likacheka. Mwanachuo, ambaye kwao ni mbali na Mtwara na hakulijua neno hilo, akatabasamu, akasema, "Huyo si mnyama wa somo letu. Kaa." Mtoto akakaa, na kwa dakika zote zilizobaki hakunyosha mkono tena.

Hatukisimulii kisa hiki kwa nia ya kumlaumu mwanachuo yule. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba kifaa cha kufundishia ni picha, na kwamba picha iliyo kubwa zaidi ndiyo iliyo bora zaidi. Twakisimulia kwa sababu ya yale tuliyoonyeshwa na mtoto yule baada ya kengele.

Alitupeleka nyuma ya vyoo vya shule, penye kichaka kinachopakana na mikorosho. Akachuchumaa, akatuonyesha njia nyembamba, isiyozidi sana upana wa kiganja, iliyopita katikati ya majani makavu. Katika njia hiyo, kila baada ya hatua fupi, palikuwa na kipande kidogo cha ardhi tupu, kana kwamba pamefagiliwa. "Hii ndiyo barabara yake," alisema. Akatueleza kwamba sange hupita hapo alfajiri na jioni. Kwamba akishtuka huipiga ardhi kwa miguu ya nyuma hata mlio wake ukasikika. Na kwamba pua yake ndefu haitulii, huichezesha huku na huku akitafuta mchwa na sisimizi. Tulimwuliza ni nani aliyemfundisha mambo hayo. Akajibu kwamba hakufundishwa na mtu. Aliona mwenyewe, siku alizokuwa akiokota korosho pamoja na mama yake.

Sasa na tulipime jambo hili kwa elimu ya leo. Kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu sange pamoja na wanyama wadogo wengine walao wadudu, na watu wengi humdhani kuwa ni aina ya panya. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba nasaba yake ni nyingine kabisa. Sange yumo katika ukoo mmoja mkubwa pamoja na pimbi, muhanga, nguva na tembo. Basi tembo alikuwa ukutani, jamaa yake alikuwa kichakani nyuma ya vyoo, na mtu mmoja tu katika darasa lile aliyekuwa amekutana na mmoja wao uso kwa uso aliambiwa akae.

Maoni yetu, tunayoyaweka mbele ya wanachuo, ni haya: somo la wanyama katika shule ya msingi halina budi kuanzia uani, katika yale ambayo mtoto ameyaona kwa macho yake na kuyasikia kwa masikio yake; na mwalimu hana budi kuwa tayari kujifunza kwa mtoto jambo asilolijua. Picha ya tembo ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya pili.

Mawazo haya si mapya katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alilalamika kwamba shule zilikuwa zikimtenga mwanafunzi na jamii yake, na kwamba zilimfanya aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, huku ujuzi wa wazee wake ukidharauliwa. Katika kulitekeleza andiko hilo tulianzisha mashamba ya shule, tukalima, tukafuga. Hayo yalikuwa mema. Lakini mara nyingi tulikuwa tukiwatoa watoto nje ili walime, kisha tukawarudisha ndani ili wasome, kana kwamba jembe ni la nje na akili ni ya ndani. Aghalabu hatukuwaambia wasimame katikati ya shamba hilohilo, watazame, waulize, waandike.

Ushahidi wa hapa hapa kwetu

Pengine atatokea mwanachuo atakayesema kwamba wanyama wadogo wa uani hawana uzito wa kielimu, na kwamba elimu ya kweli ya wanyama iko Serengeti na Ngorongoro. Tungependa kumjibu kwa mifano minne, yote ikihusu wanyama wa pande hizi za Newala na Masasi.

Mfano wa kwanza ni wa komba. Kila mtoto wa uwanda huu amewahi kuamshwa usiku na kilio cha komba mitini. Katika miaka ya 1950 watafiti walikusanya komba wadogo mahali paitwapo Nambunga, karibu na Kitangari, katika wilaya ya Newala. Wanyama hao walihifadhiwa kama mifano ya kitaalamu, wala haikutambuliwa kwamba miongoni mwao walikuwamo wa aina ambayo bado haijapewa jina. Ilipita miaka zaidi ya 40. Katika miaka ya 1990 ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba hiyo ni aina ya pekee, na mwaka 1997 ikajulikana kwa jina lililotokana na uwanda wa Rondo, mkoani Lindi. Komba wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na manyoya ya mkia wake husimama kama brashi ya kusafishia chupa. Leo yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani, kwa kuwa misitu inayomhifadhi ni michache na midogo. Na jambo mojawapo lililosaidia sana kumtenga na komba wengine ni sauti yake. Wataalamu walisikiliza usiku, wakalinganisha milio. Yamkini mtoto wa Kitangari aliyelala akisikiliza kelele za mitini alikuwa na ushahidi wa namna hiyohiyo masikioni mwake, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kusikiliza kwa makini ni kazi ya sayansi.

Mfano wa pili ni wa nyoka. Constantine Ionides, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1968, alikuwa bwana nyama katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Baadaye alipata sifa kubwa kwa kukamata nyoka hai na kuwapeleka katika bustani za wanyama na makumbusho ya nchi za nje, hata akaitwa Bwana Nyoka. Newala ilikuwa mojawapo ya mahali alipofanyia kazi hiyo, na hapo aliwakamata hasa hongo, yule nyoka mrefu wa kijani mwenye sumu kali akaaye mitini. Lakini na tujiulize: aliwapataje? Hakuwavumbua wote kwa macho yake peke yake. Alitegemea habari za wanavijiji: hongo ameonekana wapi, katika mwembe upi, nyuma ya nyumba ya nani. Jina la Ionides limebaki vitabuni. Majina ya watu wa uani, walioona kwanza, hayakubaki. Twadhani ni kazi ya shule zetu kuhakikisha kwamba mtoto aonaye kwanza ajue pia kuandika alichokiona, na kutia jina lake chini.

Mfano wa tatu ni wa maji moto, wale chungu wekundu-kahawia washonao majani ya mkorosho kuwa viota. Mtoto awajua kwa ukali wao, na mkulima aghalabu huwachukia kwa sababu hiyohiyo. Lakini wakitazamwa kwa subira, mambo yao ni ya ajabu. Baadhi yao huyavuta majani mawili yakaribiane, na wengine huwashika viluwiluwi vyao wenyewe mdomoni na kuwapitisha huku na huku, na uzi wautoao viluwiluwi hao ndio unaoshona kiota. Zaidi ya hayo, maji moto huwawinda wadudu wanaofyonza mkorosho, wakiwamo mbu wa mikorosho, ambao huyafanya machipukizi yawe meusi na kukauka. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wameonyesha kwamba mikorosho yenye maji moto wengi hupata madhara machache zaidi ya wadudu hao. Mkoa huu unategemea korosho kwa karo, kwa mabati na kwa sare za shule. Basi mtoto anayejua kazi ya chungu yule ana ujuzi wenye manufaa kwa nyumba yao.

Mfano wa nne ni wa panya buku, yule panya mkubwa mwenye uzito wa kilo moja na zaidi, anayejulikana kwa kuiba mihogo na karanga. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya hao kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Na kwa kuwa ni wepesi, hupita juu ya bomu bila kulilipua. Walifanya kazi hiyo ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, ambako vita virefu viliacha mabomu mengi mashambani. Mwaka 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yaliyojulikana. Wengi wetu katika uwanda huu tuna ndugu upande ule wa mto. Mtu anayesimama ukingoni mwa Newala na kulitazama bonde la Ruvuma aweza kuwaambia watoto kwamba mwizi wa mihogo yao alisaidia kuokoa miguu ya watoto wa upande wa pili. Hilo ni somo la sayansi, na ni somo la ujirani pia.

Pingamizi

Tunazijua hoja ambazo wanachuo hutuletea dhidi ya somo la namna hii, wala hatuzipuuzi.

Hoja ya kwanza ni ya mtihani. Husemwa kwamba mtihani hauulizi habari za sange. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza sifa za viumbe hai, makundi ya wanyama, uhusiano wa viumbe na mazingira yao, na mlolongo wa chakula. Mkorosho mmoja unayo yote hayo. Jani hufyonzwa na mbu wa mikorosho; mbu wa mikorosho huliwa na maji moto; na wadudu wengine wa mti huohuo huliwa na kinyonga na ndege. Mtoto aliyeuona mlolongo huo kwa macho yake hahitaji kuukariri, na hausahau siku ya mtihani.

Hoja ya pili ni ya wingi wa watoto. Mwalimu mwenye darasa la watoto 80 huogopa kwamba akiwatoa nje hatawarudisha. Hofu hiyo ina msingi, na hapa chini tutaeleza namna ya kuigawa kazi. Ila tukumbuke kwamba watoto 80 ndani ya chumba kimoja wana picha moja ya kutazama, nao wa nyuma hawaioni; lakini watoto 80 uani wana macho 160, na kila jozi yaweza kuona kitu chake.

Hoja ya tatu husema kwamba watoto wa shamba tayari wanayajua hayo, basi hakuna haja ya kuwafundisha. Hoja hii ni ya hatari kuliko nyingine kwa sababu nusu yake ni kweli. Mtoto anayechimba panya wa shambani, wale ambao kwetu huitwa samaki nchanga, ajua kwamba shimo la panya lina mlango wa kuingilia na mlango mwingine wa kukimbilia, na kwamba asipouziba ule wa pili atatoka mikono mitupu. Huo ni ujuzi wa kweli. Lakini hajaulizwa kwa nini panya ana milango miwili, wala milango hiyo iko umbali gani, wala kama panya wa bondeni huchimba kama wa juu. Kazi ya mwalimu ni kuongeza swali juu ya ujuzi ambao mtoto amekuja nao. Mwalimu atokaye Bukoba au Musoma akimcheka mtoto kwa sababu ya kitoweo chake, amejifungia mlango wa ujuzi huo kwa mikono yake mwenyewe.

Hoja ya nne ni ya imani za wazee. Kinyonga huogopwa, na bundi akilia juu ya paa watu husema analeta msiba. Hatumshauri mwanachuo asimame mbele ya watoto na kuwakejeli wazee wao; akifanya hivyo atapoteza heshima ya kijiji, wala hatambadilisha mtu. Awaombe watoto waeleze yasemwayo nyumbani, ayaandike upande mmoja wa ubao. Kisha kwa mwezi mzima waandike upande wa pili yale wanayoyaona: bundi ametua wapi, ametema nini chini ya mti anamolala. Watoto wakiokota matonge aliyoyatema, wakayachambua kwa vijiti na kukuta mifupa ya panya, watapima wenyewe kama ndege huyo ni adui wa ghala au rafiki yake.

Namna ya kuanza

Sasa tueleze njia tuliyoiona inafaa. Haihitaji fedha, na vifaa vyake hupatikana katika kila kijiji.

Kwanza, mwalimu mwenyewe akae uani kabla ya kuwapeleka watoto. Wiki ya kwanza ya mazoezi, na atenge robo saa kila asubuhi, aketi mahali pamoja asiondoke, na aandike kila kiumbe anachokiona. Asiyejua jina la mdudu au ndege aandike umbo lake. Atagundua kwamba dakika tano za kwanza haoni kitu, na dakika tano za mwisho haziwezi kutosha.

Pili, aligawe darasa katika vikundi vya watoto wanane au kumi, kila kikundi na kiongozi wake. Kila kikundi kipewe kamba ya katani na vijiti vinne, kipime mraba wa meta moja, kiuzungushie kamba. Kwa robo saa kikundi kisitazame kitu kingine ila kilichomo ndani ya mraba huo. Vikundi vingine vipewe shina la mkorosho, au ukuta wa darasa wenye viota vya nyigu, vikitazama kwa mbali.

Tatu, maswali yawe machache na yawe yaleyale kila siku: Ni nani? Yuko wapi? Ni saa ngapi? Anafanya nini? Umejuaje? Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto akisema, "Anakula," mwalimu amwulize amejuaje, naye ajifunze kutenganisha alichokiona na alichokidhani.

Nne, mtoto achore akiwa anamtazama mnyama, asichore akiwa amerudi ndani. Wengi humchora buibui mwenye miguu sita kwa sababu wanamkumbuka hivyo. Wakimtazama watahesabu minane.

Tano, jina la kwanza na liwe la nyumbani. Mtoto amtaje mnyama kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kisha darasa litafute jina la Kiswahili. Mara nyingine watoto wa lugha mbalimbali watabishana kama majina mawili ni ya mnyama mmoja au wanyama wawili. Ubishi huo ni elimu tupu, na njia ya kuumaliza ni kwenda kumtazama.

Sita, darasa liwe na kalenda ya ua, iliyochorwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji na kutundikwa ukutani. Humo iandikwe siku kumbikumbi walipotoka baada ya mvua za kwanza; siku maua ya mikorosho yalipofunguka, na wadudu gani waliyaendea; siku popo walipoanza kuja kwenye mabibo; siku mbayuwayu watokao Ulaya walipoonekana mara ya kwanza, na siku walipoondoka, kwani hao huja kwetu Ulaya ipatwapo na baridi, na hurudi kwao kuzaa. Kalenda ya mwaka mmoja ni kumbukumbu. Kalenda za miaka mitano, zikihifadhiwa shuleni na kukabidhiwa kutoka kwa mwalimu hadi mwalimu, ni hazina ambayo hata mtaalamu atakuja kuiomba.

Saba, uwanda huu hauna mito, na kila mtu wa Newala ajua thamani ya ndoo moja ya maji. Basi tusimwage hata tone kwa ajili ya somo. Lakini maji ya kunawia mikono yakimiminwa katika kigae kilichowekwa kivulini, mbali kidogo na njia, tetere, shore na chozi watakuja, na mjusi pia. Wenzetu wa Masasi, waliokaa chini kati ya vilima vya mawe, wana neema nyingine: mawe yenyewe yana mijusi wa rangi na mapango yenye popo, na vilima hivyo hutazamwa bila malipo kutoka uwanja wa shule.

Juu ya hatari

Hatuwezi kumaliza bila kusema wazi kwamba uani kuna hatari, na mwalimu ndiye mwenye dhamana. Hongo wa mikoroshoni hufanana kwa mbali na ukukwi, ambaye hana madhara, na watu wazima huwachanganya. Kwa hiyo kanuni ni moja: nyoka yeyote, wa rangi yoyote, asisogelewe, asipigwe mawe, asichokozwe, watoto warudi nyuma polepole na kumwita mtu mzima. Mtoto asitie mkono katika shimo, wala chini ya gogo au jiwe asipopaona. Popo na wanyama waliokufa wasishikwe. Mwalimu akague mahali pa somo kabla ya watoto kufika. Endapo mtu ataumwa na nyoka, asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, wala sumu isifyonzwe kwa mdomo. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kisitikisike, naye apelekwe hospitali mara moja. Mambo haya mtoto anapaswa kuyajua hata kama hatutamtoa nje kamwe, kwa sababu yeye hupita chini ya mikorosho kila siku, somo liwepo au lisiwepo. Kumfungia ndani hakumwepushi na nyoka. Humnyima tu mtu wa kumfundisha namna ya kutazama anapokwenda.

Na kuna hatari nyingine, isiyouma kwa meno. Vichaka vinavyobaki kati ya mashamba hupungua kila mwaka. Hatuwalaumu wakulima, kwani watu wanahitaji mashamba na kuni. Lakini kila kichaka kinachofyekwa kina wakazi wake, na mara nyingi hapana hata mtu mmoja aliyewaandika. Komba wa Nambunga walikaa miaka zaidi ya 40 kabla aina yao haijapewa jina lake. Hatujui ni wangapi wengine walio nyuma ya vyoo vya shule zetu, ambao wanajulikana kwa mtoto mmoja tu aliyeambiwa akae.

Mwanachuo yule tuliyemtembelea alitusikiliza jioni ile bila kukasirika. Siku ya pili yake alimwomba mtoto awaongoze wenzake hadi kichakani, kikundi kimoja baada ya kingine, kimya kimya. Sange hawakumwona, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kupanda. Waliona barabara yake iliyofagiliwa, wakaipima kwa rula, wakaichora. Waliporudi darasani, tembo alikuwa bado ukutani, na maswali waliyoyauliza juu yake yalikuwa mengi kuliko ya jana, na mazuri zaidi: Naye ana njia zake? Hupita saa ngapi? Pua yake naye huitumiaje?

Basi wanachuo watakaopangiwa shule za Newala, Masasi au kwingineko, na waanze siku yao ya kwanza kwa kuwauliza watoto wameona nini uani. Na mtoto atakapotaja jina ambalo hawajapata kulisikia, wasimwambie akae. Wamwombe awapeleke, akawaonyeshe.